Niliwaambia watu bibi jirani kamroga mwanangu, sasa wanataka nikatoe ushahidi. Nifanyeje?

Mwalimu wa Chaki

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Bandiko ni refu, mnivumilie. Huku nilipo sina wa kumweleza, maana karibu kila mtu yumo ndani ya jambo lenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 29, nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne. Agosti mwaka jana nilipangiwa kituo mkoani Simiyu, wilaya na kijiji naomba niviache. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, nikapanga vyumba viwili kwenye mji, yaani boma, wa mzee mmoja. Jirani yangu wa karibu kabisa ni bibi mjane, anaishi peke yake, macho mekundu kama pilipili mbivu.

Siku ya kukabidhiwa funguo, mwalimu aliyekuwa anahama aliniambia mambo matatu: maji ya kisima cha shule yana chumvi, fundi simu yuko gulioni Jumatano, na yule bibi usipokee kitu chake. Akamalizia, "Utaona mwenyewe."

Na kweli nikaanza kuona. Saa kumi alfajiri nasikia mlango wake unalia, anatoka na karai. Nani anatoka na karai saa hizo? Nikikutana naye njiani ananikodolea bila kusema neno mpaka nimsalimie mimi, ndipo anashtuka. Jioni anaongea peke yake. Hana hata kuku, nikaambiwa walikufa wote. Yaani kila nililoliona lilikuta maelezo yake yameshakaa yanalisubiri.

Siku moja akaniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo, na karanga juu. Nikapokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kama nilivyolelewa, nikashukuru. Giza lilipoingia nikaenda kuimwaga chooni. Kikapu nilikiosha kwa sabuni na chumvi kabla ya kukirudisha.

Mvua za kwanza za Novemba mwanangu akashikwa na degedege. Jana yake bibi alimshika kichwani akamwita "bhabha". Zahanati wakamtoboa kidole, kipimo kikatoa mistari miwili, malaria. Wakamchoma sindano, siku ya nne anakimbiza mbuzi. Ile mistari niliiona mwenyewe. Lakini kisimani nilipokuwa nasimulia sikuanzia kwenye kipimo. Nilianzia kwenye mkono wa bibi.

Januari mto ukajaa, magari ya mjini yakakatika, gesi ikaniishia. Kuni huku hakuna, miti ni ya kuhesabu. Mwenye nyumba akanionyesha wanachopikia: mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa tangu kiangazi, mafiga matatu, banda lisilo na dirisha. Wiki ya pili tu, nasahihisha madaftari, mtoto wa darasa la pili akaniangalia akauliza, "Mwalimu, na wewe umeanza?" Darasa zima likacheka. Nilitoka nje nikajiangalia kwenye kamera ya simu. Macho yalikuwa mekundu.

Jioni ile nilikwenda kwa bibi, mara yangu ya kwanza kuvuka kizingiti chake. Anatoka saa kumi kwa sababu anaokota mavi kwenye mazizi ya watu, na jua likichomoza wasichana wenye nguvu wameshayamaliza. Haoni vizuri, anamtambua mtu kwa sauti, ndiyo maana hakusalimii mpaka useme. Anayoyaongea peke yake jioni ni rozari. Kuku walikufa kwa kideri, mwaka ambao kuku wa kijiji kizima walikufa.

Sasa tatizo. Wiki mbili zilizopita kwenye mji mmoja wamekufa ndama wawili, kisha mtoto mchanga. Kuna maneno kwamba ataletwa mtaalamu wa kupiga ramli. Juzi akaja bwana mmoja, mtoto wa kaka yake marehemu mume wa bibi, mpole sana, ameshika kuku. Akasema, "Mwalimu, wewe ni msomi, na mtoto wako aliguswa. Ukisema wewe, hakuna atakayebisha."

Nisaidieni. Nikatae kimya kimya? Niseme mbele ya watu kwamba nilikosea? Niripoti? Mimi ni mgeni, nalala na mtoto tu. Na bibi mwenyewe, nimwambie kwamba maneno mengine yalitoka kinywani mwangu?

Kibuyu Kikavu

Kuku umempokea?

Mwalimu wa Chaki

Alimwacha mlangoni akaondoka. Asubuhi nilimrudisha, nikasema mtoto kuku wanamdhuru.

Kibuyu Kikavu

Vizuri, ingawa umedanganya. Swali la pili, usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Kabla ya kuhamia huko mwanao alishaugua malaria mara ngapi? Na huyo bibi ameshika vichwa vya watoto wangapi mwaka huo ambao walilala salama wakaamka salama? Hao hakuna aliyewahesabu. Ukishapewa jibu kabla ya swali, unahesabu mabao ya upande mmoja tu halafu unatangaza mshindi.

Bakora ya Mpera

Wasomi mna matatizo. Uchawi upo, Biblia imeutaja na Kurani imeutaja. Wewe umekaa miezi sita unataka kuwafundisha watu waliozaliwa hapo? Labda bibi kakufumba macho ndiyo maana unamtetea sasa. Umeingia kwake, umekula?

Mwalimu wa Chaki

Nilikunywa chai. Sijasema uchawi haupo kaka. Nasema mimi nilikuwa na ushahidi gani? Macho. Na macho hayo hayo niliyapata mimi kwa wiki mbili za kupika.

Mama Pacha

Ona huyo anavyofanya. Alipokuwa hamtetei, bibi mchawi. Anamtetea, basi amefumbwa. Hapo bibi atafanya nini ili asiwe mchawi?

Mdogo wangu, usilale wewe na mtoto peke yenu wiki hii. Mwalimu mwenzako mwanamke aje alale kwako, au nenda kwa mwalimu mkuu.

Nesi wa Zamu

Dada mwalimu, niongelee macho, ndiyo kazi yangu.

Bibi wa kijijini mwenye macho mekundu anaweza kuwa na mambo matatu kwa pamoja. La kwanza moshi, na moshi wa mavi ya ng'ombe ni mkali kuliko wa kuni kavu. Mtu aliyeolewa akiwa binti na kupika ndani ya banda lisilo na dirisha amekaa kwenye moshi ule miaka hamsini. Wanaume hawapiki, ndiyo maana wazee wengi wa kiume macho yao si mekundu hivyo na ni nadra kunyooshewa kidole. Hilo peke yake lingetufumbua akili: uchawi gani unawachagua wapikaji?

La pili ni kinyama kinachoota kwenye jicho kwa sababu ya jua, upepo na vumbi. La tatu, hili ndilo la kuwahi, ni trakoma, wengine huita vikope. Ugonjwa wa kuambukiza, unapenda sehemu zenye shida ya maji na nzi wengi. Ukimrudia mtu tangu utotoni, ndani ya kope kunabaki makovu, kope zinakunjwa, nywele zinageukia ndani. Kila akipepesa jicho zinamkwaruza. Hebu fikiria mchanga jichoni mchana na usiku, miaka. Kongwa huko Dodoma wamepambana nao muda mrefu sana.

Muulize: je, huwa anang'oa kope kwa kibano au kuna mtu anamng'olea? Akisema ndiyo, mpeleke hospitali ya wilaya, aulizie mtaalamu wa macho. Kope zilizogeuka zinarekebishwa kwa upasuaji mdogo wa ganzi na anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kovu lililokwisha kuingia kwenye kioo cha jicho halifutiki, lakini maumivu yanapungua na kilichobaki kinaokolewa. Na mzuie kabisa kutia majani au maziwa jichoni, nimeona watu wakipoteza jicho kwa dawa hizo.

Ngosha wa Gulioni

Mwalimu, umeandika vizuri na moyo wako nauona. Ila nisome tena bandiko lako na wewe ulisome. Umesema "karibu kila mtu yumo ndani ya jambo lenyewe." Umehesabu? Bibi asiyeona anachotewa maji na nani? Anasagiwa mtama na nani? Haya mavi ya ng'ombe anaokota kwenye mazizi ya watu waliomruhusu, na hao ni Wasukuma wenzangu. Umetoka kumhukumu bibi kwa macho, sasa unatuhukumu kijiji kizima kwa maneno ya kisimani. Nina hakika kuna nyumba nne tano hapo ambazo hazikubaliani na upuuzi huo, hazijasema kwa sababu msomi alishasema.

Halafu hilo la miti. Watu wanakuja huku wanaona tunapikia mavi wanadhani ni ushamba. Usukuma ilikuwa na msitu. Miti ilifyekwa kuua mbung'o, ikafyekwa tena kupanda pamba, na ng'ombe wakamalizia. Wazee walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa mpaka kiangazi, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulirudisha ngitili nyingi. Penye ngitili utapata kuni. Penye pamba mpaka mlangoni, utapika na ulichonacho na macho yatakuwa mekundu.

Mwalimu wa Chaki

Nimepokea kaka. Ni kweli, anayemchotea maji ni binti wa mwenye nyumba wangu. Nilimwona kila siku na sikumweka kwenye hesabu.

Bakora ya Mpera

Mwalimu kwenu wapi kwanza?

Mwalimu wa Chaki

Tanga. Mama Msambaa wa Lushoto, baba mtu wa Pangani.

Bakora ya Mpera

Hahahaha! Mtu wa TANGA anamwogopa bibi wa Simiyu! Majini ya kwenu yamekwenda likizo?

Mwalimu wa Chaki

Cheka tu. Chuoni niliyepangwa naye chumba aliomba kuhamishwa wiki ya kwanza aliposikia natoka Tanga. Aliyebaki alikuwa anafunga ndoo yake kwa kufuli. Nilijua inavyouma. Nimekaa leo najiuliza, nilijua, sasa ile chumvi kwenye kikapu ilitoka wapi?

Toka Gamboshi

Nimekuwa nasoma tu humu miaka mingi, leo naandika. Kijiji changu ni Gamboshi, Bariadi. Mmeshacheka? Haya.

Nikienda usaili nikiulizwa nyumbani nasema "Bariadi" nanyamaza hapo. Stori za uchawi wa kwetu mnazijua, eti usiku kunageuka jiji lenye ghorofa na taa kama Ulaya. Sisi tulikuwa tunasomea koroboi. Taa ya kwanza ya umeme niliyoiona ilikuwa ya gari la pamba. Mchumba wangu wa kwanza alivunja mambo mama yake alipojua. Wa pili nilimwambia siku ya kwanza kabisa, akasema sawa, tukaoana, na mpaka leo tukigombana akikosa hoja anasema "usinifanyie ya kwenu." Anatania. Mimi nacheka. Sijui kama anatania kila mara.

Kwa hiyo mwalimu, kuhusu bibi kumwambia au kutomwambia. Anajua. Mtu anayesemwa huwa anajua, anasikia namna watu wanavyonyamaza akifika, na huyo unasema anawajua watu kwa sauti. Michembe alikuletea akijua umeshaambiwa.

Mzee wa Reli

Watoto wangu, nilikuwa kijana Mwanza miaka ya sabini. Vikongwe waliuawa sana Usukuma kwa tuhuma hizi hizi. Serikali ikaingia kwa nguvu, watu wakakamatwa, na baadhi ya waliokamatwa wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Ndilo sakata lililomfanya Mzee Mwinyi ajiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani Januari 1977, hakuwatesa yeye, akabeba dhamana. Sote tunamsifu kwa kujiuzulu, na anastahili. Lakini hebu muone na upande wa pili: mwanakijiji alimshuku kikongwe kwa macho, na dola ikamshuku mwanakijiji kwa sababu anaishi penye mauaji. Wote walikuwa na uhakika.

Nasema hivi ili ukienda kuripoti, ripoti ulichokiona na kukisikia. Bwana fulani alikuja na kuku akasema maneno haya, tarehe hii. Usiseme "kijiji kizima wanataka kumuua".

Wakili wa Barazani

Naongezea alipoishia mzee.

Ramli ya kumtaja mtu ni kosa. Sheria ya Uchawi tunayo tangu Mwingereza, 1928, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mashambulizi dhidi ya wenye ualbino. Kwa hiyo huendi kuleta umbea, unaripoti maandalizi ya kosa. Anza na mtendaji wa kata na polisi kata, siyo mwenyekiti wa kitongoji peke yake, maana humjui ni ndugu wa nani. Mwalimu mkuu ajue. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya ajue. Andika, baki na nakala. Kukiwa na hatari usiku, 112.

Jambo moja wengi hawalijui. Sheria hiyo hiyo inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu anayeshukiwa uchawi akaishi mahali pengine. Nia inaweza kuwa njema, kumwokoa. Sasa niulize: bibi ana shamba?

Mwalimu wa Chaki

Ekari nane. Hana mtoto wa kiume. Binti yake yuko Geita.

Wakili wa Barazani

Na aliyeleta kuku ni mtoto wa shemeji yake.

Umeona. Kuna mtu hapo hahitaji bibi afe, anahitaji aondoke tu. Akihamishwa kwa usalama wake, ekari nane zinabaki na nani? Ukiripoti sisitiza alindwe akiwa kwake, na binti wa Geita apigiwe simu leo. Tena kwa maoni yangu binti ndiye aongoze, wewe uwe nyuma yake.

Kibuyu Kikavu

Ndiyo maana niliuliza kuhusu kuku. Kuku wa Usukuma hatembei bure.

Mama Pacha

Ekari nane zinamfanya mtu aone wekundu wa macho kwa ukali zaidi.

Ngosha wa Gulioni

Na kuhusu kusema hadharani: sema. Wewe ndiye uliyeweka neno lako pale, hakuna mwingine wa kuliondoa. Usihutubie, usiwaambie uchawi haupo, watakuacha unaongea peke yako. Sema la mwanao tu. Chukua daftari lake la kliniki.

Mwalimu wa Chaki

MREJESHO. Samahanini nimepotea siku tisa, mtandao na mambo.

Nilimwandikia mtendaji wa kata siku ile ile, nakala kwa mwalimu mkuu. Polisi kata alifika Alhamisi, akamwita yule bwana na wazee wawili. Jumamosi kukawa na mkutano wa kitongoji kuhusu barabara, mwishoni nikanyoosha mkono. Miguu ilikuwa inatetemeka. Nikasema mimi ndiye niliyesimulia kisimani kwamba mwanangu aliguswa. Nikafungua daftari la zahanati nikasoma tarehe na neno malaria. Nikasema wiki ile nilisahau kutumia chandarua maana joto lilikuwa kali. Nikasema nilipokosea ni kisimani na ndiyo maana narekebisha mbele ya watu wale wale. Basi nikakaa.

Sikupigiwa makofi. Mama mmoja akacheka akamwambia mwenzake jambo kwa Kisukuma, sijalielewa na sikuuliza. Mwenyekiti akarudi kwenye barabara. Yule bwana hakunisalimia tena. Lakini baba wa ule mji uliofiwa alinifuata njiani akaniuliza kipimo kile cha zahanati kinafanywa siku zipi, maana ana mwingine wa miaka miwili anachemka usiku. Tulikwenda naye Jumatatu.

Binti wa Geita amekuja, bado yupo. Tulimpeleka bibi hospitali, nesi ulikuwa sahihi, kope zimegeuka, macho yote mawili. Amefanyiwa la kushoto, la kulia baada ya wiki chache. Mwenye nyumba amesema atatoboa dirisha kwenye banda la bibi kabla ya mvua kurudi. Tunasubiri tuone.

Nilimwambia. Binti akiwepo. Nikamwambia maneno mengine yalitoka kwangu. Akakaa kimya muda, bandeji ya jicho moja, hili jingine likitoka machozi, na machozi yale huwezi kujua ni ya nini. Kisha akauliza, "Ile michembe ilikuwa mitamu?"

Nikamwambia niliimwaga.

Akasema kitu kwa Kisukuma kwa binti yake. Binti akaingia ndani akatoka na mfuko wa kilo mbili hivi, akaniwekea mapajani.

Sasa swali kwa Wasukuma humu, na wengine nyamazeni: michembe inalowekwa muda gani kabla ya kupikwa?

Ngosha wa Gulioni

Usiloweke usiku kucha, itapoteza utamu. Ioshe kwa maji ya vuguvugu itoke vumbi, bandika na maji kidogo, moto wa wastani mpaka ilainike. Karanga zitwange, zisiwe unga kabisa, tia mwishoni. Sukari usiweke.

Toka Gamboshi

Maziwa mgando pembeni. Huyo Ngosha kasahau.